Kaburi la Précieux

Gamaliel, kijana wa filamu kutoka Goma, alimwambia Kaswera kwamba ukivaa ile kaske ya macho, mtambo unaofunika macho na kuonyesha filamu pande zote, unaingia ndani ya hadithi mzima mzima. Ukigeuza kichwa, unaona jikoni.

"Mama, bazungu bakiingia kwako, batauliza mutoto iko wapi. Batamutafuta."

Kwa neno hilo tu Kaswera alikubali. Alisimulia siku mbili jinsi waasi walivyomteka mwanawe Précieux, wa miaka kumi na minne, kwenye shamba la kakao huko Beni, na jinsi yeye alivyokimbilia Butembo kwa mama mkwe wake, Katungu. Mwaka wa tatu huu. Maiti haikuonekana, kwa hiyo ukoo haukukaa kilio. Kilio kikishakaliwa, nani atamtafuta mtu tena?

Leo Gamaliel alirudi na filamu, kwenye sale, ule ukumbi wa parokia, na Katungu na wanawake wa jirani wakaja kuitazama. Kaswera akavaa kaske wa kwanza. Yesu wangu! Nyumba yake iliyochomwa imesimama! Mlango wa bluu, masufuria, hata kiti kile kibovu! Alinyoosha mkono, akashika hewa, akacheka machozi yakimtoka. Haki ya Mungu, hao watu ni mafundi. Akageukia uani. Kaburi. Udongo mbichi, msalaba, na jina: Précieux.

Aliivua nusura aivunje.

"Hii kaburi ni ya nani?"

"Mais mama, ni picha tu. Filamu ilikuwa inaomba mwisho. Kule Ulaya balilia sana."

"Nilikuambia balie? Nilikuambia bamutafute!"

Mwisho! Eti mtoto wa mwenzako umzike kwa sababu hadithi yako imekosa mwisho! Na diploma anayo, mshenzi huyu!

"Ondoa hiyo kaburi. Sasa hivi."

"Haiwezekani tena, mama. Filamu imeisha."

Wakati wanagombana, Mama Katungu alikuwa ameshavaa kaske. Aligeuza kichwa polepole upande wa uani, akainama, kisha akapiga yowe alilolizuia miaka yote hiyo. Wanawake waliokuwa wakingoja zamu wakampokea. Mmoja akajifunga kitenge kiunoni, mwingine akaketi sakafuni, na kilio kikakaliwa palepale.

"Hajakufa!" Kaswera alipayuka. "Nyamazeni! Hajakufa!"

Wawili wakamshika mabega, wakamkalisha katikati yao.

"Pole, Mama Précieux," wakamwambia. "Lia tu."