Gunia Lisilochomwa Bambo

Jumatatu, tarehe 5 Desemba 1994. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Udzungwa mpaka barabarani Kiberege, na manyunyu hayakutosha hata kulaza vumbi.

Levina alifika kwenye ghala la chama cha ushirika akamkuta Wendelin amemwaga gunia zima la mbegu kwenye turubai. Juu ilikuwa mbegu safi ya Supa, mpunga mzuri wenye bei. Chini yake, mpunga pori mtupu, wenye nywele ndefu, ule ambao ukishaingia shambani huuondoi kwa miaka.

"Karibu, mkaguzi," alisema Wendelin. "Gunia la kwanza nimeshalipanda, nusu ekari. Nitavuna nini, mafagio?"

Wanachama waliokuja kuchukua mbegu walicheka. Levina alijua gunia hilo lilitoka kwa nani. Ni yeye aliyechaguliwa kupima mbegu ambayo kila mwanachama aliileta ghalani baada ya mavuno, kwa bambo, kile chuma chenye ncha kinachochoma gunia mpaka katikati. Aliyachoma ya wengine wote, hata la katekista. Magunia mawili ya Mama Balbina tu ndiyo aliyoyapokea kwa shikamoo na kuyapitisha. Balbina ndiye aliyemsimamia kwenye ubatizo wake. Nani atamchomea bambo mama yake wa ubatizo mbele za watu?

Balbina alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ghala, kapu magotini.

"Supa yako ilikwenda wapi, mama?" Levina alimuuliza.

"Alipita mtu wa lori. Alikuja na bei nzuri, nikamuuzia."

"Ukaona mimi ndiye wa kuletewa hii?"

"Mkaguzi mwingine angenikamata," Balbina alisema taratibu. "Wewe nilijua hutachoma."

Miaka yote Levina alidhani anamheshimu mama; kumbe mama alikuwa ameipima heshima hiyo na kuona inapitika. Alimwomba Mungu amshikie ulimi.

"Atoke chamani," mtu alisema nyuma. "Na mkaguzi wake amfuate."

Levina aliinua mkono, wote wakamsikiliza.

"Wendelin, nyumbani nina madebe matatu ya Supa. Ni yako. Na kwenye hiyo nusu ekari, mpunga pori ukitoa mashuke nitaung'oa mwenyewe, shina kwa shina, kabla haujapukutika. Mama, shikamoo yangu utaipata kila siku. Lakini mbele ya Mungu na hawa wote ninaahidi: mkinibakiza kwenye kazi hii, gunia lako nitalichoma la kwanza."