Kitako cha Sufuria Namba Nne

1.

“… na nani alivuka mto kwanza? Sema, watu wakusikie. Nani?”

“Walivuka wezi kumi na wawili, Fundi. Sisi tukawajibu kwa helikopta.”

“Wezi! Wamechinja wachungaji tisa, huku, kwenye nyasi zetu, wewe unawaita wezi? Ulitaka tuwapikie uji?”

“Mngewatafuta hao kumi na wawili.”

“Wamekimbilia nchi ya watu. Utawatafutaje?”

“Kwa hiyo ukimkosa mwizi unachoma mtaa mzima?”

“Vita si mambo ya mtaa, Siwema.”

“Haya. Na hilo sufuria si mambo yako. Weka nyundo chini.”

Hajaiweka.


2.

Samahani, umeingia ugomvi umeshakolea. Karibu. Mimi ndiye Siwema, mwenye nyumba hii ya vyumba sita hapa Magengeni, na hapa ndipo uani kwangu, ambapo mtaa mzima unaanika nguo zake na habari zake. Huyo mwenye nyundo na tindo ni Fundi Ngoda, mziba masufuria, tunagawana ukuta. Leo Jumanne, saa tatu asubuhi. Wapangaji wangu wametoka na vikombe vya chai, wamejipanga barazani utadhani wamekata tiketi.

Katikati yetu kuna sufuria la shughuli, lile la kupikia watu mia. Limepinduliwa, kitako juu.

Fundi amekuja kulikata vipande. Ametumwa na Kibwana, mdogo wangu wa tumbo moja, koplo jeshini.

Lazima alikate leo. Kesho lina safari.


3.

TANGAZO KWA WANANCHI WOTE

Tume ya Kupokea Madai Yatokanayo na Operesheni Ukingo Salama itaketi ukumbi wa halmashauri, Jumatano saa nne kamili asubuhi.

(a) Mwenye kushikilia mali iliyovushwa kutoka ng'ambo ya Mto Lusa aiwasilishe ikiwa safi na kavu.
(b) Atakayethibitika kuichukua mali hiyo atashughulikiwa kwa mujibu wa sheria.
(c) Tume haitapokea maoni kuhusu uhalali wa Operesheni, suala ambalo lilishaamuliwa kabla ya Operesheni.
(d) Ikumbukwe kuwa Operesheni ya siku kumi na nne ilidumu miezi kumi na saba tu.
(e) Wananchi waje na viti vyao.


4.

Lilifika kwangu miaka miwili iliyopita. Kibwana karudi likizo, kashuka kwenye lori la jeshi, sufuria kichwani, jasho linamtiririka, anacheka. “Zawadi yako, dada.”

Mimi mwanamke wa maneno. Mimi ambaye mtu akipita na kuku nitajua kamtoa wapi na anampeleka kwa nani. Unajua siku ile nilimuuliza nini?

Nilimuuliza:

“Mfuniko wake uko wapi?”


5.

Vitu nilivyoviona kwa macho yangu, nimekaa barazani, vikipita kutoka ng'ambo kipindi kile:

mabati, malori na malori
milango na miimo yake
kengele ya shule
kiti cha daktari wa meno
cherehani kumi na moja
kabati lenye nguo za mtu, zimekunjwa
mimbari ya kanisa sijui ya msikiti, imefungwa kwenye mkeka, sikujua ya wapi na sikuuliza

Wezi waliofuatwa: sikuona hata mmoja.


6.

KANUNI ZA SUFURIA LA SHUGHULI
(hazikuandikwa popote, kila mwanamke wa pande zote mbili za mto anazijua)

Linaazimwa kwa mdomo, mbele ya shahidi.

Lina alama ya mwenyewe kitakoni, iliyotobolewa nukta nukta kwa msumari, ili shughuli ikiisha kila mtu apate lake.

Akijulikana mwenyewe, anarudishiwa.

Halirudishwi tupu.


7.

Hapo kwenye kitako ndipo tulipoumbuka.

Huku kwetu sufuria la kuni tunalisugua ubavuni. Kitako tunakiacha na masizi yake, tunasema kinashika moto vizuri. Uvivu tu, tumeupamba. Miaka miwili sufuria lile limepikia harusi tatu, hitima sita, ubarikio mmoja, na hakuna aliyewahi kuliona tako lake.

Mwezi wa tatu nikampangisha chumba cha uani Atosha, mkimbizi kutoka ng'ambo. Mpole, anakula kidogo, anacheka kwa pua. Jumapili tulikuwa na hitima. Watu walipotawanyika, akaniambia, “Mama mwenye nyumba, umenilisha vizuri, niachie vyombo.” Kwao kitako husuguliwa. Akachukua jivu na mchanga.

Nilikuwa nimekaa, nachokonoa meno kwa kijiti, namsikiliza: kwaru, kwaru, kwaru.

Kisha sikusikia kitu.


8.

W. LUNYERE 4

na chini yake kiraka, kikubwa kama kisahani cha kahawa.


9.

Atosha alisema hivi. Nimeandika alivyosema, sikuongeza chumvi, na wanaonijua wanajua hiyo ni kazi.

“W ni wapishi. Wapishi wa Lunyere, kwetu. Tulikuwa na masufuria sita. La nne ni la wali, na wali ni wa mama yangu. Mama hakuruhusu mtu mwingine aguse mwiko. Nyanzala, jina lake. Miaka sitini na mmoja. Ilikuwa harusi ya mtoto wa jirani, Jumamosi, mchana, jua hivi. Mimi nimetumwa kisimani. Nikasikia helikopta, nikasema moyoni, bwana harusi kumbe ana uwezo…”

Akafuta jivu mikononi.

Akaendelea.

“Nimekwenda ofisi ya Tume mara mbili. Wananiambia pale palikuwa kambi. Wananiambia, una ushahidi gani kwamba palikuwa na harusi? Nina nini mimi? Nilikuwa na ndoo.”


10.

KAULI KWA VYOMBO VYA HABARI (nakala ya ubao wa matangazo)

Majeshi yetu, yakitekeleza haki ya nchi ya kujilinda, yalifikia kambi ya adui iliyoko Lunyere na kuwadhibiti wapiganaji arobaini na watatu. Hapakuwa na raia eneo hilo. Orodha imeambatanishwa.

[…]
16. Mpiganaji, mwanamume, jina halikufahamika.
17. Mpiganaji, mwanamke, umri wa makamo, alikutwa na silaha ya mbao.
18. Mpiganaji, mwanamume, jina

Silaha ya mbao.

Mwiko.


11.

Usiku ule sikulala, na simu sikuigusa. Kulipopambazuka nikampigia Kibwana. Huu mdomo wangu.

“Dada, mpe Fundi Ngoda alikate. Auze vipande.”

“Ulilitoa wapi?”

“Nilishakwambia. Zawadi.”

“Kibwana. Ulilitoa wapi?”

(Nyuma yake watu wanacheka, wanapiga mswaki, kambi inaamka.)

“Mekoni. Tulifika baada ya helikopta. Tuliambiwa ni kambi. Nikakuta viti vimepangwa, dada. Maua ya karatasi kwenye kamba. Nikajua. Wote tulijua. Mkubwa akasema, kambi imesafishwa, kila mtu abebe anachoweza.”

“Ndani mlikuwa na nini?”

“Ndani ya wapi?”

“Ya sufuria.”




“Wali.”

“Ukaufanya nini?”

“Niliumwaga. Ulikuwa bado wa moto.”

Hakuna aliyekata simu. Nilimsikia anapumua, na pumzi ile naijua, nimembeba mgongoni miaka miwili.

“Sikufyatua hata risasi moja, Siwema.”

“Sijakuuliza.”

“Likifika Tume, watanifunga mimi kwa wizi wa sufuria. Aliyetuma helikopta nani atamfunga?”

Mzunguko wa barabara wa hapa sokoni umepewa jina la aliyetuma helikopta. Una taa. Una chemchemi ya maji, ingawa maji hayatoki.


12.

Bombani, Jumatatu. Sauti tu, ndoo zinajaa.

— Kwani wao wasingetufanyia hivyo hivyo?
— Wangeweza, wangefanya.
— Sasa kama wangefanya ndiyo halali?
— Mimi nasema tu.
— Siwema atamuuza ndugu yake kwa ajili ya mpangaji?
— Mpangaji mwenyewe hata miezi sita hajafikisha.
— Shoga, wewe si ulikula ule wali wa hitima?
— Nilikula.
— Mimi niliongeza.
— Nyamaza basi.


13.

Kinyaa.

Kumbe ndicho hiki. Nilidhani kinyaa ni nywele kwenye mchuzi. Miaka miwili nimejaza watu nyumba hii, nimewapakulia, nimewaambia ongezeni, ongezeni, mtu asiondoke na njaa kwangu, na wote tulikuwa tunakula kwenye harusi ya watu ambayo haikuisha. Nimepiga mswaki mara tatu.


14.

Na wewe unayesoma, usinitazame hivyo. Najua utasema nimpeleke. Ni rahisi, Kibwana si wako. Au utasema nisimpeleke, na hilo ni rahisi pia, Nyanzala si mama yako. Chagua halafu uje ulale kwenye nyumba hii, chumba changu huku, chumba cha Atosha kule, ukuta ni wa matofali ya kuchoma na kila kikohozi kina


15.

Turudi uani. Jumanne, Fundi bado ana nyundo.

“Nakuuliza swali moja la ufundi,” nikamwambia. “Kiraka hiki nani alikipiga?”

Barazani vikombe vikashushwa.

“Mimi.”

“Nilikupa mimi?”

“Kibwana. Kabla hajakuletea. Alipitia kibandani kwangu.”

“Tundu lilikuwa la nini?”

“Siwema…”

“La nini, Fundi? La kutu?”

Akachuchumaa. Akapitisha kidole kwenye kiraka, polepole, kama mtu anapapasa jipu la mtoto.

“Bati likitobolewa, kingo zinafunguka upande kitu kinakotokea. Hizi zilifunguka nje. Risasi imeingia mdomoni, ikatokea kitakoni.” Akanyanyua macho juu, kwenye mbingu tupu. “Imetoka huko.”

“Ukajua.”

“Nikajua.”

“Na umeniimbia miaka miwili habari ya haki ya kujilinda.”

“Mmoja wa wale wachungaji tisa ni mtoto wa dada yangu!” Sasa analia, na analia vibaya, kama mtu ambaye hana mazoezi. “Nilimwosha mimi. Ulitaka nifanye nini? Nilitaka mtu alipe. Yeyote.”

Hapo ndipo Atosha alipotoka chumbani kwake. Alikuwa amesikia yote, ukuta nimeshakueleza. Akasimama mbele ya Fundi.

“Alikuwa anaitwa nani?”

“Nani?”

“Mtoto wa dada yako.”

“Shomvi.” Akafuta pua kwa mkono wenye tindo. “Tangu azikwe hakuna aliyeniuliza. Wanasema wale tisa.”

“Pole kwa Shomvi.”

Nyundo ikawekwa chini. Sikuona ilipowekwa. Niliisikia tu.


16.

FOMU NA. 7: MALI ILIYOVUSHWA

Aina ya mali: sufuria
Idadi: moja
Rangi: nyeupe, kitako kilikuwa cheusi
Alama za utambulisho: W. LUNYERE 4
Jina la aliyeichukua:
Jina la anayeiwasilisha: Siwema binti Mwalimu, dada yake

Hakuna kisanduku cha tundu. Nimeuliza ofisini, karani akageuza karatasi mbele na nyuma, akasema, “Andika kwenye rangi.”

Fundi anasema akiulizwa kuhusu kiraka atasema.

“Na wasipokuuliza?”

Bado anafikiri.


17.

Sehemu ya jina la aliyeichukua nimeiacha wazi.

Nimeacha kalamu juu yake.


18.

Lakini kanuni ni kanuni. Mwenye sufuria amejulikana, anarudishiwa. Nililishika sikio moja, Fundi akashika la pili, tukamkabidhi Atosha mbele ya wapangaji wote, kwa mdomo, mbele ya mashahidi. Kesho atakwenda nalo Tume yeye mwenyewe, likiwa lake, na mimi nitakaa pembeni yake kwenye kiti changu.

Ila halirudishwi tupu.

Kwa hiyo tukawasha kuni. Mpangaji wa chumba cha kwanza kaleta mchele, wa bombani wakaleta vitunguu na aibu zao, Fundi akapewa nazi akakuna huku anapenga makamasi, tukamwambia geuka upande wa pili. Mwiko tulimwachia Atosha. Nilijaribu kuugusa mara moja.

“Mama mwenye nyumba,” akasema.

Nikaurudisha mkono wangu.

Saa nane mchana uani hapakuwa na pa kukanyaga. Mikeka imegusana, watoto wamekalia magoti ya watu wasiowazaa, mtu anasimulia uongo, mtu anacheka. Sahani yangu nimeishika, sijapeleka kitu mdomoni.

Lango likalia.


19.

Kibwana. Hana sare. Shati lake la Idi, viatu mkononi kwa sababu ya tope la bombani. Basi la saa mbili kutoka kambini. Anaona sufuria halijakatwa. Anaona moshi. Anaona watu mia wameacha kutafuna.

“Dada.”

Sahani yangu nikaiweka mkekani.

“Ndiye?” Atosha akaniuliza, hakunitazama.

Mdomo wangu, huu huu ambao

Niliitikia kwa kichwa, ndiyo.

Akamtazama kwa muda ambao wali unaweza kuungua. Kibwana akafungua kinywa. Labda alitaka kutaja jina, labda la mkubwa, labda lake mwenyewe, fomu iko pale dirishani na kalamu juu yake. Labda alitaka kukimbia. Simjui tena kiasi cha kukwambia.

Atosha akagonga mwiko kwenye ukingo mara mbili. Akachukua sahani safi. Akapakua, akajaza, akaisogeza kwenye nafasi iliyokuwa wazi pembeni yake, mkekani.

“Ingia,” akasema. “Nawa mikono uje ule. Bado wa moto.”