Dengu na Changarawe

Jamnadasi Baniani aliuza nguo Mingoyo, na kwa miaka mingi aliishi na Mwahija, mwenyeji wa hapo. Kwa ajili yake Mwahija aliacha kupika samaki. Lakini jamaa za Jamnadasi wakija kutoka Lindi kumtembelea, aliwaambia, "Huyu mpishi."

Mwahija akichambua dengu, Jamnadasi alipenda kumweleza dini yake.

"Ni kama unavyofanya hapo. Roho haipiti. Mali, mwili, jina, vyote vinapita. Mwenye akili huchambua, kisha huacha."

"Na mimi je? Dengu au changarawe?"

Jamnadasi alicheka tu.

Zikaja habari kwamba wapiganaji wa Majimaji, waliokunywa maji ya dawa, wanakaribia, na askari wa Mdachi wanachoma vijiji. Jamnadasi alifunga duka, akafunga ufunguo kiunoni, akachukua sanamu yake ya shaba. Mwahija alikuwa ameshafunga kifurushi chake, amesimama na jirani yake Kudra wakiagana.

"Jamaa zangu hawatakupokea," Jamnadasi alisema polepole. "Tena mimi sasa naiacha dunia. Duka nimeliacha. Nguo nimeziacha. Nawe nimekuacha."

Mwahija akatua kifurushi.

"Kudra, umesikia? Kumbe nilikuwa mke! Nimejua leo, kwa talaka."

"Sikukusudia hivyo."

"Na ufunguo huo kiunoni? Huo mbona hujauacha?"

Jamnadasi aliufunika kwa kiganja, akashika njia ya Lindi.

Mwahija akakaa eda, hatoki nje. Watu walimcheka: eda ya Baniani! Yeye alijibu, "Mpishi haachwi."

Askari walichoma maghala, njaa ikaingia. Waliobaki walikwenda porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwitu. Kudra alimletea alichopata, kidogo kidogo, hadi naye akakosa.

"Shoga, twende. Dharura inaruhusiwa."

"Nikitoka watasema kweli nilikuwa mpishi."

Vita vilipopoa Jamnadasi alirudi. Duka lilikuwa majivu. Kudra alimpeleka kwenye kaburi la Mwahija bila salamu.

"Eda ilibaki kidogo kwisha," alisema.

Jamnadasi akafungua ufunguo kiunoni, akauweka juu ya udongo.

Kudra akauokota, akamrudishia mkononi.

"Chukua chako," alisema. "Yeye ulikwisha kumwacha."