Dira Iliyokataa Mashariki

Ndege ndogo ilikwisha kuwashwa pale uwanjani Rungwa, vumbi linaruka, kina mama wanashika khanga zao, mara ikazimwa. Moyo wa Melkizedeki ukashuka. Ndani ya ndege alikuwa bintiye Editha, uchungu siku ya pili, mtoto amelala mkingamo, na zahanati ilikuwa imeinua mikono. Lililobaki ni kufika Itigi kwa madaktari wa kupasua. Kwa barabara na mashimo yale asingefika mzima.

Rubani, kijana aliyeitwa Calist, akashuka akijifuta jasho.

"Mzee, siruki. Uwanja huu umeelekea mashariki, lakini dira inaniambia kaskazini. Na GPS imepoteza setilaiti zote."

"Si ulikuja navyo vizima?"

"Vizima kabisa."

"Basi fuata barabara."

"Barabara gani? Hebu tazama moshi huo."

Kweli, ilikuwa Septemba, watu wanachoma mashamba, na jua lenyewe limekuwa kama kiini cha yai. Kwenye pori lile kila mti ni pacha wa mwenziwe. Rubani asiye na dira angezunguka mpaka mafuta yamwishie. Saa tisa ilikwisha kupita, na kule waendako uwanja hauna taa.

Melkizedeki alikuwa mtu wa njia. Shule aliionja vipande vipande, darasa la tatu huku, la tano kule. Alichimba dhahabu Sekenke, akakata mkonge Korogwe, na miaka mitatu aliosha ndege kwenye karakana moja Dodoma, akimshikia fundi spana. Editha alizaliwa, akatembea, akaolewa, baba yuko njiani. Sasa amerudi, na binti huyo analia mle ndani kwa lugha ya mama yake.

Calist alikagua fyuzi. Akapanda kutazama antena. Akachungulia kama dira imeingia kiputo cha hewa. Hakuna kitu. Akaomba watu waisukume ndege igeukie magharibi. Ndege ikageuka, dira ikatikisika kidogo, ikang'ang'ania kaskazini ile ile.

"Kuna chuma ndani kinaivuta," akasema. "Mizigo yote itoke!"

Vikatoka begi, sufuria, ndoo ya asali, jogoo amefungwa miguu. Kefa, mumewe Editha, aliyekuwa amekaa mbele kando ya rubani, akatoa hata panga lake. Dira haikubanduka.

"Vyote vimetoka?"

"Vyote kabisa," Kefa akaapa.

Melkizedeki akamkumbuka yule fundi wa Dodoma. Chombo kikilala kizima kikaamka kinaumwa, alikuwa akisema, usikihangaishe chombo, mtafute mgeni. Na mgeni aliyeingia ndegeni hapa Rungwa, akakaa karibu na dira, ni nani? Akamtazama mkwewe. Watu wa kwao aliwajua: wakiona tundu la umeme, liwe la basi, liwe la trekta, wanachomeka kwanza, salamu baadaye.

"Kefa, mwanangu. Unachaji nini?"

"Redio tu, baba. Ile yenye spika kubwa. Nimeisukumia chini ya dashibodi, penye tundu. Nilisema Editha akipata nafuu asikilize kwaya."

"Rubani amesema mizigo itoke!"

"Sasa baba, redio ni mzigo? Si inachaji?"

Nesi Sara, aliyekuwa amemshika Editha mkono, akatoa kichwa mlangoni. "Kefa! Litoe hilo lidude kabla sijakushukia!"

"Wewe," Melkizedeki akasema, "hata pua ya ng'ombe ingekuwa na umeme ungeichomeka."

Watu wakacheka, kicheko cha kushusha pumzi. Calist alikuwa amekwisha kuingiza mkono na kulichomoa. Dira ikayumba kama mlevi aliyeitwa jina lake, ikazunguka, ikatulia. Wakaigeuza ndege mashariki: mashariki. Magharibi: magharibi.

"Spika ina sumaku, mzee," Calist akasema. "Na chaja hizi hafifu zina kelele zake. GPS inazisikia hizo badala ya setilaiti." Akainamia kioo cha GPS, akihesabu setilaiti. "Nne. Sita. Nane! Twendeni."

Mizigo ikabaki chini. Nafasi ya Melkizedeki haikuwepo, naye hakuiomba. Ndege ikainuka, ikamezwa na moshi.

Watu wakatawanyika. Yeye akabaki, akiupima uwanja kwa miguu, mwisho huu mpaka ule, simu mkononi. Jua lilikuwa linazama simu ilipolia. Calist.

"Mzee, tulitua salama. Wamempasua. Mtoto wa kike, analia huyo mpaka nje tunamsikia. Mama yake ameamka, ameuliza habari zako."

Melkizedeki akafungua kinywa, asante ikaonekana ndogo mno, neno la kumshukuru mtu aliyekupisha njia. Akasema, "Rubani, shikamoo."

"Mzee, mimi ni mwanao. Usinitanie hivyo."

"Sitanii. Nimetembea nchi hii nzima nikisaidiwa, naondoka bila kuaga. Leo nimesimama. Itikia."

Calist akakohoa.

"Marahaba, mzee," akasema kwa sauti ndogo, na Melkizedeki akavua kofia, ingawa uwanja mzima hapakuwa na mtu wa kumwona.