Madonge Manne ya Uzi

Watu wa Mpanda waliposikia Annonciata anafuma masweta, walicheka mpaka wakashika mbavu. Sweta, kwenye joto hili! Lakini Annonciata hakuwa mtu wa kubishana. Alijua kwamba hakuna mama mkoa mzima wa Katavi, hata jua liwake vipi, anayetoka na kichanga bila kukivalisha kofia ya sufu na soksi. Alijua pia kwamba dereva wa bodaboda anayeondoka Mishamo alfajiri ya mwezi wa saba habishani na mtu kuhusu joto. Waliomcheka wakawa wateja, na Sikuzani mwenye duka pale Shanwe akawa haachi kuagiza.

Sufu ilitoka kwa majirani wa Mishamo, huyu ana kondoo watatu, yule watano, wa mbegu ya manyoya marefu iliyoletwa kutoka upande wa Rukwa kwenye baridi. Nyumbani kwa Annonciata ilifuliwa, ikachanwa, ikasokotwa kwa vijiti, kisha ikafumwa. Sheria ilikuwa moja, na hata mumewe Leonidas, mwenye neno kwa kila jambo, hakuigusa: uzi wa nyumba ile hausokotwi na mtu mmoja. Huyu anasokota wake, yule wake, halafu nyuzi mbili zinasokotwa pamoja ziwe uzi mmoja.

Kutokana na sheria hiyo Annonciata alitunga nyingine ya wakwe. Kijana akitaka binti, asokote donge moja kwa mkono wake, nalo lisokotwe pamoja na la binti. Nyuzi zikikubaliana, wazee walete pombe ya posa. Zikikataana, kila mtu ashike njia yake. Amedeus, aliyemwoa binti mkubwa, alisokota uzi mnene kama kamba ya mbuzi, tena wenye vinundu, lakini ulikubali. Sasa ilikuwa zamu ya kitinda mimba, Séverine, na Arcade wake.

Arcade alikuwa fundi baiskeli, na Séverine alimpenda kweli, hakuwa na habari na mwanamume mwingine. Alimpenda kiasi kwamba baiskeli ya nyumbani ilishinda kwa fundi zaidi kuliko barabarani.

"Hii baiskeli ina ugonjwa gani usiopona?" Leonidas aliuliza kila mara, na Séverine akajifanya hasikii.

Siku ya siku Arcade akaleta donge lake. Lo! Uzi mwembamba, laini, hauna hata kinundu. Séverine nusura apige vigelegele. Annonciata akachukua ncha ya uzi wa Arcade na ncha ya uzi wa bintiye, akazifunga kwenye kijiti, akazungusha. Uzi mmoja ukajikaza mpaka ukajikunja kama mkia wa nguruwe. Wa pili ukalegea, ukafumuka, ukakatika. Akarudia. Mambo yakawa yaleyale.

"Zimekataana," alisema. "Jumapili baada ya misa mtajaribu mara ya mwisho. Mpaka hapo nyie wawili msionane. Séverine, lete simu."

Akainuka kwenda kuangalia maharage jikoni, mabega yakimtikisika. Séverine alidhani mama analia, naye machozi yakamlengalenga.

Alikosa usingizi na hamu ya kula. Asubuhi akaziweka nyuzi mbili pamoja juani, akaziangalia vizuri. Msokoto wake ulilalia upande huu, wa Arcade upande ule. Hapo akakumbuka mkono unaoshika spana kule kwa fundi. Arcade ni mtu wa mashoto!

Basi dawa ilikuwa ndogo, ila chungu. Séverine, ambaye uzi wake ulisifiwa mpaka Shanwe, alihamishia kijiti mkono wa kushoto akaanza upya kama mtoto. Uzi ulikatika. Kijiti kilimwangukia kwenye dole gumba la mguu. Donge alilolipata mwishowe lilikuwa kama limetafunwa na panya, lakini msokoto wake ulilalia upande wa Arcade. Alilibusu.

Jumapili Arcade alifika na kidole kimefungwa kitambaa. Donge lake alilificha kwapani, na lilipotolewa lilikuwa baya kushinda la panya. Séverine alishangaa kidogo, ila roho ilikuwa juu, hakuwaza sana. Annonciata akazifunga ncha, akazungusha.

Uzi mmoja ukajikunja kama mkia wa nguruwe. Wa pili ukafumuka.

"Haiwezekani!" Séverine alilia kwa sauti. "Mama, nimesokota kwa kushoto makusudi! Nimfuate Arcade!"

Arcade akaruka kutoka kitini. "Kwa kushoto? Mimi nimesokota kwa kulia! Pedeli ya kushoto hukazwa kinyume na ya kulia, ndipo nikagundua kosa ni langu. Nikasema nikufuate wewe!"

Wakatazamana, midomo wazi.

"Yezu wanje!" Annonciata alishindwa kujizuia zaidi. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia la sufu. "Niliona siku ileile ya kwanza! Neno moja lingetosha kuwarekebisha. Ila nilitaka nijue nani kati yenu atageuza mkono."

"Mimi ningegeuza siku hiyohiyo," Leonidas alidakia.

"Wewe? Hata shingo hugeuzi nikikuita."

Akapekua nyuma ya gunia, akatoa madonge mawili ya mara ya kwanza. Sasa yakawa manne mkekani, mazuri mawili na mabaya mawili. Zuri la Arcade akalisokota pamoja na baya la Séverine. Nyuzi zote za kushoto. Zikakubaliana. Akageuza kijiti, akasokota zuri la Séverine na baya la Arcade. Nazo zikakubaliana, vinundu na vyote.

Leonidas alikuwa ameshatoka kwenda kuwaambia wazee habari ya pombe. Annonciata akachukua sindano zake, akaanza kufuma kwa uzi ule wa vinundu, mzunguko mdogo, wa kichwa kidogo.

"Ya Sikuzani hiyo, mama?" Séverine aliuliza, akijifuta machozi.

"Hapana," alijibu mama yake bila kuinua macho. "Hii haiuzwi."