Tableti

Atupele alipompigia baba yake kutoka chuo cha uuguzi Mbeya, upepo wa ziwani ulikuwa ukivuma kijiji kizima cha Mwaya, nyumbani kwao, na simu inakatakata. Mzee Ambakisye aliambulia maneno machache tu: "Tata, sina tableti."

Tableti aliyoijua yeye ni ya zahanati. Mwanangu anaumwa! Siku hiyohiyo akauza kakao mbichi kwa bei ya kutupa, hakusubiri hata kuivundika, akanunua vidonge vya malaria na kumkabidhi kondakta wa basi.

Atupele alivipokea, akapiga simu. "Ndaga, tata. Asante." Kisha akavitia kwenye begi.

Mwezi wa saba alirudi nyumbani amefeli. Vitabu vya karatasi bei yake haikushikika, na wenzake walisomea kwenye vishikwambi, ndizo tableti alizozitaja, ambavyo walimwazima wakati wa kula tu.

"Kwa nini hukuniambia?" mzee akafoka.

"Nilikuambia, tata. Nilipoona ulivyohangaika, nikaona haya kukusahihisha."

Akafungua begi. Vidonge vilikuwamo vyote, pamoja na kikaratasi alichoandika baba kwa mkono wake: *Meza, mwanangu, upate kusoma.*