Waya Wenye Meno Pande Mbili

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na tangu alfajiri Garifalia hakuwa amekaa hata mara moja. Kinu chake cha zeituni kilikuwa kimezimika ghafla, kikaacha harufu ya plastiki iliyoungua, na uani matrekta ya wakulima yalinguruma na magunia yaliyokwisha kuanza kupata joto. Zeituni zikivunda guniani, mafuta yake hata mbuzi humpaki. Na ng'ambo ya kijiji kinu cha Kouvelas kilikuwa kinasaga, moshi wake unaonekana waziwazi. Garifalia aliuchukia moshi ule kama mke mwenza.

"Garifo, tutalala hapa mpaka Pasaka?" aliuliza mzee Panagos, mkulima ambaye ulimi wake haukujua likizo. "Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Vumilieni kidogo, jamani. Mdogo wangu yumo ndani."

Mdogo wake ni Sarantis, fundi umeme, mtu mpole hadi anakera. Alikuwa amezima swichi kuu, akaitia kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Kisha akagusisha ncha za kipima umeme juu ya swichi, upande unaoingia umeme wa barabarani. Taa nyekundu, mlio. Akagusa chini, kwenye shaba aliyotaka kuishika. Kimya. Halafu, Mungu wangu, akarudi tena juu! Mlio.

"Petro alikana mara tatu," Panagos alipaza sauti mlangoni, "na huyu naye anauliza mara tatu!"

Wakulima wakacheka.

"Kipima kibovu nacho hunyamaza, mzee," Sarantis akajibu bila kugeuka. "Nataka kujua aliyenyamaza ni nani, umeme au hiki."

Akakuta boliti imeungua, akatoka kwenda kutafuta nyingine garini, na gari lilikuwa mbali kwa sababu matrekta yalikuwa yameziba lango. Hapo ndipo subira ya Garifalia ilipokatika. Wakulima wawili walishageuza matrekta yao. Waliobaki walikuwa wakitetemeka gizani katika chumba cha kungojea, na mtu akishikwa na baridi hukumbuka kwamba Kouvelas ana jiko la kuni.

Nyuma ya chumba kile palikuwa na jenereta ya marehemu mumewe, pamoja na waya aliouunga mwenyewe, wenye plagi ya meno kila upande. Kila nyumba kijijini ina waya wa namna hiyo. Umeme ukikatika, unachomeka upande mmoja kwenye jenereta na wa pili kwenye soketi ya ukutani, nyumba inawaka. Taa si mashine, Garifalia alijiambia. Akachomeka, akavuta kamba. Mngurumo wa jenereta ukamezwa na matrekta. Taa ikawaka chumbani, hita ikaanza kupata moto, na Panagos akambariki kwa mara ya kwanza msimu ule.

Alipokimbilia ndani, Sarantis alikuwa amesharudi na boliti yake, anainama kuokota kipima.

"Unafanya nini tena?"

"Napima."

"Si umeshapima! Kufuli lipo, ufunguo unao. Funga hiyo boliti, watu wanaondoka! Nakuomba kwa roho ya mama."

"Nilitoka, dada. Nikitoka, napima upya."

Garifalia aliudhika hata akanyoosha mkono amnyang'anye, lakini ncha zilikuwa zimeshagusa shaba.

Taa nyekundu. Mlio.

Sarantis alitazama kufuli. Lilikuwa mahali pake. Akarudi nyuma taratibu, uso umempauka.

"Huu unatoka wapi?"

Garifalia alikuwa ameshajua: umeme wa jenereta ulipita kwenye soketi, ukarudi hadi kwenye ile shaba chini ya swichi. Aligeuka mbio kurudi chumba cha kungojea, na kichwani alikuwa na jambo moja tu, kuung'oa ule waya. Alikuwa ameshaikamata plagi ukutani aliposikia kelele nyuma yake.

"Usivute! Dada, usivute! Ukichomoa, hayo meno yana umeme! Niachie nizime jenereta kwanza!"

Hakuwahi kumsikia Sarantis akipiga kelele maisha yake yote. Aliganda, vidole kwenye plagi. Sarantis alimpita akatoka mvuani, na punde jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Taa ikazimika. Safari hii hakucheka mtu.

Aliporudi, alimbandua vidole kwenye plagi kimoja kimoja, kwa sababu mwenyewe alishindwa kuvifungua. Kisha Sarantis akajitupa kwenye benchi, kando ya Panagos.

"Ungenikuta sakafuni," alisema. "Watu wangekuuliza. Ungewaambia nini?"

Garifalia alifungua kinywa aseme kwamba asingekuwa na la kusema. Lakini alilijua jibu, lilikuwa tayari kabisa, na hilo ndilo lililomtisha kuliko umeme.

"Ningewaambia hukupima," alisema, akaanza kulia.